UZI: Elimu ya kasa ianzie kwenye chungu na jarife, tuongee ukweli

Mwambao

Salaam wakuu,

Nilitaka kuandika huu uzi toka ile habari ya Kisiwa Panza, leo nauandika wote kwa mkupuo kwa hiyo mnivumilie urefu. Machi 2024 kule Mkoani, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, wengine 78 wakalazwa. Yule mtu mzima alikuwa mama wa mmoja wa wale watoto. Na kabla ya hapo, Novemba 2021, hukohuko Pemba walishafariki watu 7 kwa nyama hiyohiyo, mmoja wao mtoto wa miaka 3. Yani watu wanazika, miaka miwili na kitu inapita, kisiwa kilekile kinazika tena kwa sababu ileile, na sisi tunaojiita watu wa uhifadhi tunaendelea kubandika mabango kwenye hoteli.

Mimi nimetembea na vijana wa ulinzi wa viota vijiji kadhaa huku pwani, kusaidia upande wa elimu kwa wanakijiji. Ninachotaka kusema ni kwamba elimu ya kasa tumeianzia pabaya. Kwa miaka mingi ujumbe uliofika kwa mvuvi ni mmoja tu, kasa ni marufuku ukikamatwa unaenda ndani. Sasa mtu babu yake kala kasa, baba yake kala, yeye mwenyewe kala na yupo mzima, ukimwambia marufuku anaelewa kwamba unamnyang'anya kitoweo ili mgeni aje kupiga picha. Atakachofanya ni kula usiku na kufukia gamba. Na akishaanza kuficha basi hata mtoto akianza kutapika anaogopa kumpeleka hospitali mapema maana ataulizwa kala nini.

Kumbe mambo waliyoyajua watafiti ni mazito kuliko marufuku yoyote, ila hayajafika jikoni. Ile sumu inaitwa kelonitoksini. Inadhaniwa inatokana na mwani na viumbe vingine wanavyokula kasa huko baharini, inajikusanya mwilini mwao. Kasa mwenye sumu na asiye na sumu ukiwaweka sawa huwezi kuwatofautisha kwa macho wala kwa harufu. Kuchemsha hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi, kuchoma hakuiondoi. Dawa ya kuizima haipo, hospitali wanapambana na dalili tu: mdomo na koo kuwaka, vidonda kwenye ulimi, kutapika, kushindwa kumeza, baadae usingizi mzito ambao wengine hawaamki. Inaweza kuanza baada ya masaa au hata siku kadhaa. Watoto ndo inawamaliza haraka. Na hili kila mama wa pwani alijue, inaweza kupita kwenye maziwa ya mama ikamfikia mtoto anayenyonya ambaye hata hiyo nyama hajaigusa.

Hayo ukimwambia mama anayepika unakuwa umefika. Hutaji jela, hutaji mtalii, unamwambia babu yako alikula mara mia akasalimika kwa sababu kasa wale mia hawakuwa na sumu, na hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia huyu wa leo anayo au hana.

Sasa upande wa pili, utafiti wenyewe. Watu wengi wanadhani mtafiti ni mtu wa kuja na gari, kupiga picha na kuondoka. Huko Mafia, hasa kisiwa cha Juani, wanaojua kasa kuliko wote ni vijana wa hapohapo kijijini waliofundishwa. Wanaamka alfajiri wanatembea ufukwe kabla maji hayajafuta alama. Kasa wa kawaida, huyu mkubwa anayekula majani ya bahari, akipanda anavuta mapezi yote mawili kwa pamoja kwa hiyo mburuzo wake uko sawasawa kushoto na kulia kama tairi la trekta, upana unaweza kufika mita moja. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, anatembea kwa kupishanisha, alama zake zinapishana na ni nyembamba zaidi. Kijana anaangalia mchanga anakuambia huyu ni nani, alipanda kutokea wapi, ametaga au alishtuka akarudi bila kutaga. Hiyo ni sayansi kamili kabisa na ukimfundisha mtoto wa darasa la nne anaiweza.

Kuna zoezi moja ndo nalipenda kuliko yote kwa kufundishia, kufukua kiota baada ya vitoto kutoka. Mayai yanakaa mchangani siku kama 50 hadi 60. Vitoto vikishatoka, unasubiri kidogo alafu unafukua kwa mikono na kupanga vitu mafungu mafungu, maganda matupu huku, mayai ambayo hayakukua kule, vilivyofia njiani pembeni. Kiota kimoja kinaweza kuwa na mayai mia na zaidi. Siku moja tulifukua tukiwa na watoto wa shule pamoja na wazee wawili wa pale kijijini, watoto wanahesabu kwa sauti, mchanga umefika viwikoni, na chini kabisa tukakuta kitoto kimoja kizima kimenaswa na mizizi, macho yamejaa mchanga. Mzee mmoja akakitoa mwenyewe kwenye ule mzizi kwa kucha taratibu, akakiweka chini mbali kidogo na maji ili kitembee chenyewe. Huyo mzee ni mvuvi wa jarife, ule wavu mkubwa wa kutega, toka ujana wake, na jioni yake yeye ndo alikuwa anawaeleza wenzake barazani mayai mangapi yalitoka na mangapi yaliharibika, mimi nimekaa pembeni nasikiliza tu.

Karibuni tujadili, wenye maswali waulize.

BintiMkoani

Waalaikum salaam kaka. Mimi ni wa Pemba na haya mambo nnayajua kwa karibu, sitoeleza zaidi ya hapo. Umesema kweli tupu. Sisi skuli tulifundishwa kasa ni "rasilimali", basi. Hakuna alotwambia kuhusu maziwa ya mama. Nilikuja kusikia baada ya watu kufa. Na jengine, huku nyama ya kasa ni kitu cha kugaiwa. Mmoja akipata anagaia jirani, jirani anampelekea mkwe, ndo maana akiumwa mmoja wanaumwa nyumba ishirini. Kwahivyo ukitaka kufundisha usiende kwa mvuvi peke yake, nenda kwenye madrasa, nenda kliniki siku ya kupima watoto, mkute mama pale amekaa anasubiri kadi. Masheha na maimamu wakilisema Ijumaa linafika kila nyumba.

Mwambao

Dada pole sana, na ahsante. Hilo la kliniki nimelichukua. Yani bango la kasa limekaa hotelini wakati lilitakiwa likae pale wanapopimwa watoto uzito.

Jarife01

Mkuu mimi ni mvuvi na nitasema ukweli bila kuficha. Hatuvui kasa, kasa anajileta. Unatega jarife usiku, asubuhi unakuta dude la kilo mia limejizungusha, nyavu imechanika, na wavu huo ndo ada ya watoto. Sasa wewe unaniambia nimuachie, ule wavu nani ananilipa? Hapo ndo elimu yenu inapofia. Mtu ananihubiria kuhusu viumbe adimu wakati mimi nina deni la nyuzi dukani.

MwanaMalindi

@Jarife01 ndugu yangu huku kwetu Watamu, Kenya, hilo jambo limefikiriwa kitambo, toka miaka ya tisini mwishoni. Kuna shirika la Local Ocean Conservation, mvuvi akinasa kasa anapiga simu, wanakuja hadi pale ulipo, wanampima, wanamvalisha kibati cha namba kama hana, akiwa mzima anarudishwa baharini, akiwa mgonjwa anapelekwa kwa kituo chao cha matibabu. Mvuvi analipwa kitu kidogo cha muda wake na simu. Kasa maelfu na maelfu wameachiliwa hivyo. Sasa uzuri wake si kasa kuokoka peke yake, manake kila simu ni habari ya utafiti: amenaswa wapi, wavu gani, alikuwa na ukubwa gani, huyu ni yule tuliyemwona mwaka jana ama ni mwingine. Mvuvi amekuwa ndiye mtafiti bila kuvaa koti.

Na pale kituoni ukienda utaona venye plastiki inafanya. Kasa anaelea tu, hawezi kuzama kutafuta chakula, kwa sababu tumbo limejaa hewa, ameziba kwa ndani. Wengine wana uvimbe shingoni na kwa macho kama koliflawa, ule ugonjwa unahusishwa na kirusi. Watoto wa shule wakipelekwa pale wanarudi nyumbani wanagombeza wazazi wao juu ya mifuko.

Mkaguzi

Hilo la kulipa mimi silikubali. Ukishaanza kutoa hela mtu atamtega kasa makusudi apate posho. Tumeona kwenye mambo mengi hii nchi.

Mwambao

@Mkaguzi wasiwasi wako ni wa haki, ila angalia hesabu. Kinacholipwa ni gharama ya simu na muda, hakifiki hata karibu na bei ya nyama. Mtu mwenye tamaa ya hela angemuuza. Anayepiga simu ni yule ambaye tayari kasa kamuingilia na anatafuta njia ya heshima ya kumuondoa. Kwa @Jarife01 nakubali kabisa, wavu uliochanika ni hasara yake peke yake na hiyo posho haiuzibi. Mimi naona fedha ya utalii wa viota ndo ingeangalia hapo. Mafia wageni wanalipa kuja kuangalia vitoto vikitoka na sehemu ya ile hela inaingia kijijini. Kijiji kikikaa kikao kikasema fungu fulani linunue nyuzi kwa waliochaniwa, hapo hutahitaji kumhubiria mtu.

Na kwa nini tunamng'ang'ania huyu mmoja aliyenasa? Kwa sababu kasa anachelewa mno kukua. Huyu wa kawaida anaweza kufika miaka 25, 30 au zaidi ndo aanze kutaga. Inakadiriwa katika vitoto elfu moja ni kama kimoja tu kinachofika utu uzima. Kwa hiyo yule mkubwa wa kilo mia ndo yule mmoja aliyevuka kaa, ndege, papa, nyavu na plastiki miaka yote hiyo, na akiwa jike anataga mara kadhaa kwa msimu mmoja, kila baada ya wiki kama mbili, alafu anapumzika miaka miwili mitatu ndo anarudi. Ukimchinja huyo umechinja mayai ya miaka mingi mbele.

KijanaWaPangani

Niongezee la kwetu. Wengi hamjui kisiwa cha Maziwe. Zamani kilikuwa na miti na kilikuwa moja ya sehemu kubwa kabisa za kasa kutaga Tanzania, kikawekwa hifadhi mwaka 1975. Baadae kisiwa kikaliwa na bahari, miti ikaisha yote, leo ni fungu la mchanga, maji yakijaa linafunikwa. Sasa kasa hajui, yeye anarudi palepale anataga, maji yanapanda mayai yanazama yanaoza. Ndo vijana wanaenda kule kwa mashua wanahamisha mayai kuleta Ushongo bara na kuyafukia upya.

Swali langu, mbona tunaambiwa tusiyaguse mayai wakati wao wanayahamisha?

Mwambao

Swali zuri sana hili. Yai la kasa sio la kuku. Masaa machache tu baada ya kutagwa, kile kinachokua ndani kinajishikiza kwenye ganda upande wa juu. Ukiligeuza baada ya hapo unakiua, na kwa nje yai linabaki jeupe zuri huoni chochote. Ndo maana wanaohamisha wanawahi ndani ya masaa machache ya mwanzo, wanalibeba moja moja bila kuligeuza, na shimo jipya wanalichimba kwa kina kilekile na umbo lilelile, chini pana juu pembamba. Tena wanahamisha pale tu ambapo kuliacha ni kulipoteza, kama hapo Maziwe. Kiota kilichopo salama hakiguswi.

Shimo lenyewe lina mambo. Joto la mchanga ndo linaamua jinsia. Karibu na nyuzi joto 29 wanatoka mchanganyiko, mchanga ukiwa na ubaridi zaidi wanatoka madume wengi, ukipata joto zaidi wanatoka majike. Kaskazini mwa Great Barrier Reef kule Australia utafiti uliotoka 2018 ulikuta kasa wadogo 99 kwa 100 ni majike. Hebu fikiria miaka 30 mbele hao majike wanapanda kutaga na dume hayupo. Kwa hiyo mtu anayefyeka miti yote nyuma ya ufukwe ili nyumba yake ione bahari, kivuli alichokiondoa kinaingia mpaka kwenye yai.

MamaWawili

Jamani mimi ni wa bara, bahari naiona likizo tu. Mwaka jana niliwapeleka watoto wangu kuogelea na kasa kwenye bwawa, tukawalisha mwani, tukaambiwa hela inaenda kwenye uhifadhi. Watoto walifurahi sana. Hiyo si ni elimu pia?

Mwambao

Dada, sehemu zipo za aina nyingi kwa hiyo nikupe maswali ya kuuliza ukifika. Hawa kasa wametoka wapi na wanaachiliwa lini? Kuna mtu anawapima na kuandika, na nani anazipokea hizo rekodi? Majeruhi wanatibiwa na nani? Mwenye kituo cha kweli atakujibu papo hapo tena atakuonyesha daftari. Ukiona majibu ni "wanakaa tu hapa wanapenda watu" basi hao ni wafungwa. Kasa hana haja ya kushikwashikwa wala kupandwa mgongoni, mtoto akifundishwa kwamba mnyama wa porini ni wa kukumbatia, amefundishwa kitu kibaya.

Baya kuliko yote ni vile vitoto vinavyowekwa kwenye ndoo au bwawani wiki nzima ili wageni waje kuviachia kwa ada. Kitoto kikitoka kwenye yai kina kiini cha yai tumboni, hicho ndo mafuta yake ya safari. Siku ya kwanza ile kinaogelea bila kupumzika mpaka kitoke kwenye maji ya karibu ambako maadui ni wengi. Ukikiweka kwenye ndoo kinaogelea ndani ya ndoo, mafuta yanaishia humo, ukikiachia kimechoka. Ukiona hivyo usilipe.

Na kama unakaa hoteli ya ufukweni, waombe wazime au wafunike taa zinazopiga upande wa bahari msimu wa vitoto. Vinafuata kule kwenye mwanga zaidi, na usiku wa asili huko ni baharini. Ukiwasha taa kali nyuma vinapanda kuelekea barabarani.

Nahodha_mstaafu

Kijana nimesoma yote. Zamani tukisafiri tulikuwa tunakuta kasa ana kibati kwenye pezi la mbele, watu wanasema ni kasa wa serikali, wengine wanasema ana uchawi, wanamrudisha haraka. Hivi vile vibati vina faida gani?

Mwambao

Shikamoo mzee. Kile kibati kina namba yake peke yake, na nyuma mara nyingi kuna anwani ya kupeleka taarifa. Kasa waliovalishwa Shelisheli na Komoro wamewahi kuonekana huku kwetu, na waliofungwa vifaa vya setilaiti baada ya kutaga kwenye visiwa vya huko wamefuatiliwa wakirudi kwenye malisho ya pwani ya Afrika Mashariki. Yani anazaliwa kule, anakula majani ya bahari huku kwetu miaka na miaka, alafu anarudi kutaga kule alikozaliwa.

Na hapo kuna habari ya kutia moyo ambayo natamani kila mvuvi aisikie. Aldabra huko Shelisheli kasa walichinjwa mpaka wakakaribia kuisha, ikapigwa stop mwaka 1968. Wakati ule viota vilikuwa kama 2000 hadi 3000 kwa mwaka. Wameendelea kuhesabu miaka zaidi ya hamsini, sasa hivi vimepita 15,000. Miaka ya mwanzo ungesema juhudi ni za bure maana hawaongezeki, kumbe vile vitoto vilikuwa bado vinakua. Na wakati vinakua, baadhi walikuwa kwenye maji yetu, wanapita kwenye majarife yetu.

Kwa hiyo mtu akikuta kibati, kasa akiwa hai usikitoe, soma namba, andika tarehe na mahali, peleka kwa afisa uvuvi au kamati ya wavuvi ya kijiji au shehia yako. Picha ya simu inatosha kabisa.

Jarife01

Sawa mkuu hayo ya malipo tutaendelea kubishana. Nina swali la kazi. Mara nyingi namkuta amelegea kabisa hatingishiki, tunasema keshakufa basi. Anakuwa amekufa kweli?

Mwambao

Mara nyingi hapana. Kasa anavuta hewa kama sisi, akinaswa chini muda mrefu anazimia, na kwa macho huwezi kumtofautisha na mfu. Usimtupe majini hivyohivyo atazama na ndo atakufa kweli. Mlaze kifudifudi, tumbo chini, usimpindue kwa mgongo. Nyanyua sehemu ya nyuma, weka gogo au kamba iliyokunjwa chini yake, kama shubiri moja hivi kimo, ili maji yatoke mapafuni. Muweke kivulini, mfunike kitambaa kilicholowa ila usizibe pua. Mara moja moja mguse taratibu karibu na jicho au mkia uone kama anashtuka. Muache masaa manne au zaidi, hata mpaka kesho yake. Akianza kuinua kichwa na kuvuta pumzi vizuri, zima injini, vuta nyavu zote, mshushe taratibu akitangulia kichwa, mbali na wavu wowote.

Jarife01

Masaa manne! Sisi tulikuwa hatumpi hata dakika kumi. Haya naiprinti hii nakwenda kuisoma kwenye kikao cha BMU, kamati yetu ya wavuvi, Jumamosi. @BintiMkoani na lile la maziwa ya mama nalisoma pia, mke wangu ananyonyesha.

BintiMkoani

Lisome kwanza hilo kaka yangu, kabla ya yote.